We unataka namba au unataka ndoo?

Saa saba usiku nilikuwa nimesimama katikati ya kiwanda nimevaa suti.

Siyo kwamba ndo sare yetu. Nilikuwa natoka kwenye sendofu ya binamu yangu Tabata, nimefika mpaka mlangoni kwangu ndo nakumbuka funguo nimeziacha kwenye droo ofisini, mke kasafiri kwao Korogwe, sa nifanyeje, nikamwambia bodaboda geuza. Mlinzi kanifungulia geti huku anacheka. Ofisi yangu iko mwisho kabisa wa jengo, lazima ukatize kati ya mashine ndo uifikie, na ile nakatiza nikasikia krasha inanguruma.

Kwa ambao hamjawahi kuingia kiwanda cha plastiki, krasha ni mashine ya kusagia. Ndoo ikitoka na kasoro hatuitupi, inapasuliwa vipande, inasagwa, inarudi kuchanganywa na malighafi mpya. Hakuna ubaya hapo. Ila kwetu kuna utaratibu ambao niliuandika mimi mwenyewe na kuubandika ukutani kwa herufi kubwa: rijekti hazisagwi usiku. Zinapangwa kwenye kizimba chekundu, asubuhi nakuja nazihesabu, naangalia kila moja ina kasoro gani, ndo zinaruhusiwa kusagwa.

Sasa krasha inanguruma saa saba usiku.

Nikasogea. Mama wa krasha alikuwa kakalia ndoo iliyogeuzwa, panga mkononi, anapasua ndoo nyekundu za lita 20 kama mtu anayepasua nazi. Pembeni yake kulikuwa na mlima. Hakushtuka kuniona. Mimi ndo nilishtuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umependeza leo."

"Mama, hizi zimeshahesabiwa?"

Akaniangalia. Kisha akaangalia nyuma yangu, kule ulikokuwa ubao wangu wa namba, ule mkubwa wenye rangi ya kijani na nyekundu. Halafu akasema, wala siyo kwa ukali, kama vile anakuuliza unakunywa chai au uji:

"Baba, we unataka namba au unataka ndoo?"

Akarudi kupasua.

Sikumjibu. Nilichukua funguo nikaondoka. Hiyo ni wiki kumi na tisa zilizopita na naandika hapa kwa sababu lile swali limegoma kutoka kichwani.

## Ubao

Mimi ni QC. Kazi yangu ni kuhakikisha ndoo mbovu haifiki dukani, na nikiwa mjanja zaidi, haitengenezwi kabisa. Mwaka jana nilipelekwa mafunzo ya siku tatu ya kaizen, ule mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, nikarudi nimewaka moto kama mlokole mpya. Zile S tano za Kiswahili nikazichapisha kila kona: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. (Wengi mtakuwa mmeziona hospitali kabla ya kuziona kiwandani, maana hapa kwetu zilianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, na mpaka leo ukienda dirisha la dawa sehemu fulani fulani unazikuta zimebandikwa juu ya boksi ambalo halijawahi kusasambuliwa.)

Kisha nikaja na wazo langu mwenyewe. Ubao.

Kila opereta jina lake, kila zamu idadi ya rijekti zake. Chini ya 30 kijani, juu ya 30 nyekundu. Uongozi ukaupenda ubao kuliko hata nilivyotegemea, ukaongeza kipengele: nyekundu tano ndani ya mwezi, bonasi imekwenda. Mimi sikupinga. Niseme tu ukweli, nilifurahi, nikaona sasa watu watakuwa siriasi.

Na wakawa siriasi. Mwezi wa kwanza karibu kila mtu alikuwa anaandika mia na kitu kwa zamu. Mwezi wa pili hamsini. Mwezi wa tatu watu wanaandika 18, 22, 15, ubao mzima kijani kama shamba la mpunga. Tukachinja mbuzi. Tukala pilau kantini, mkurugenzi akatoa fulana, mimi nikapigwa picha nimeshika chati.

Mmoja tu ndo hakushuka. Kijana wa zamu C, mashine namba 4. Kila siku 108, 97, 121. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Nilimwita ofisini mara mbili. Nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka leo natamani kujificha chini ya meza: wenzako wameweza, mashine ni ileile, moldi ni ileile, we unashindwa nini?

Yeye akasema, "Brazaa, mi naandika ninachokiona."

Nikaona jeuri.

## Mashine inahesabu yenyewe

Asubuhi ya baada ya sendofu sikwenda kumsema mtu. Nilienda kwenye mashine namba 4, nikafungua kile kiskrini chake kidogo kilichojaa vumbi, nikaangalia kaunta. Kila moldi, lile umbo la chuma linaloipa ndoo sura yake, ikifunga na kufunguka, mashine inajihesabia moja. Haijui bonasi, haijui ubao.

Usiku ule mashine ilikuwa imefunga mara 1,240.

Stoo walipokea ndoo nzima 1,127. Opereta kaandika rijekti 18.

Piga hesabu. Kuna ndoo 95 zimezaliwa na hazikuzikwa.

Nilikaa pale nimekodoa macho. Kwa sababu kitu kilichoniuma siyo zile 95, ni kwamba ile kaunta ilikuwepo siku zote, miezi yote, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu, na sikuwahi kuiangalia hata siku moja. Asilimia yangu nilikuwa naipata kwa kuchukua rijekti zilizoandikwa, nagawa kwa jumla ya nzima na rijekti zilizoandikwa. Ukifanya hivo hesabu inakubali kila siku. Yaani nilitengeneza hesabu ambayo haiwezi kukutana na uongo hata ikipishana nao mlangoni.

Kwa namba yangu tulikuwa na rijekti kama 1.6 kwa kila 100. Kwa namba ya mashine, zaidi ya 9.

Nikarudi nyuma kadiri kumbukumbu ya kaunta ilivyoniruhusu, zamu moja moja. Wote, mashine zote, ilikuwa hivohivo. Kasoro zamu chache za zamani, za zamu C mashine namba 4, ambazo nzima ukijumlisha na rijekti zilizoandikwa unapata idadi ya kaunta kamili, ikipishana ni moja au mbili.

Yule kijana.

Ambaye wakati huo alikuwa ameshaondoka. Mkataba wake wa miezi sita ulikwisha na haukuongezwa, na mapendekezo ya kutouongeza yaliandikwa na mtu wa QC, mistari minne, nayakumbuka yote.

## Masikio ya ndoo

Kuficha kungeishia kwenye karatasi ningeweza hata kujifariji. Ila plastiki haidanganyiki.

Ndoo zetu ni polipropilini. Kila ukiiyeyusha na kuisukuma kwenye moldi, minyororo yake midogo midogo inakatika, inazidi kuwa mifupi, na ikishakuwa mifupi ndoo inakuwa kama biskuti: unaiona nzima, ukiipa mzigo inavunjika. Ndo maana fomula yetu ina kiwango cha mwisho cha plastiki ya kusagwa. Sasa zamu ambayo inasaga rijekti zake usiku na kuzirudisha hapohapo kwenye hopa, pale pa kumiminia malighafi, ili zipotee, inapita hicho kiwango bila mtu kujua, na ndoo inayotoka ni dhaifu, na dhaifu ikionekana nayo inasagwa, inarudi tena. Inajila yenyewe.

Inapovunjika ni kwenye sikio, pale mkono wa waya unapopita. Kuna sababu. Plastiki ikiwa ya moto ndani ya moldi inafika kwenye kile kipini kinachoacha tundu, inagawanyika kushoto na kulia, inakutana tena upande wa pili. Pale inapokutana kuna mshono, hauonekani sana lakini upo, na kama plastiki imechoka ndo pa kwanza kuachia.

Mwenye duka Mbagala alikuwa amerudisha ndoo 12 zimekatika masikio. Zilikuwa zimekaa kwenye kona ya ofisi wiki mbili, nilidhani ni wateja wanabebea zege. Siku hiyo nikazigeuza. Chini ya ndoo huwa kuna kiduara kidogo chenye mshale, kinaonyesha mwezi na mwaka.

Zote 12 za mwezi wa pilau.

## Shanga

Nilijua nikienda kuwagombeza nitapata nini. Watakubali, wataomba radhi, wataanza kusaga kwa namna ya kijanja zaidi. Na kusema ukweli sikuwa na uso wa kumgombeza mtu.

Nikakumbuka kitu tulichogusiwa juu juu kule mafunzoni, zoezi la Deming la shanga nyekundu. Deming ni yule Mmarekani wa takwimu aliyekwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha mainjinia na mabosi wa viwanda, Wajapani wakamheshimu mpaka mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo ya ubora yenye jina lake. Kwao Marekani walichelewa sana kumsikiliza. Zoezi lake linataka shanga 4,000, kati yake 800 nyekundu na 3,200 nyeupe, na kibao chenye vishimo 50.

Kibao nilichongewa na fundi wetu wa wekshopu. Shanga nikaenda Kariakoo. Mwanaume mzima unasimama kwa muuza shanga unaagiza shanga elfu nne, yule dada akaniangalia lile jicho, akauliza, "Shemeji ana kiuno gani huyo?" Sikuwa na maelezo mafupi. Nikalipa nikaondoka.

Ijumaa baada ya chakula nikaomba watu sita wa kujitolea kantini. Maelekezo rahisi: chota kwa kibao, kila kishimo kishike shanga moja, hatutaki nyekundu. Nyeupe ni ndoo nzima, nyekundu ni rijekti. Kila mtu atachota mara nne, kila mchoto ni siku moja ya kazi. Mimi nikawa bosi, na nikafanya makusudi kila kitu nilichokuwa nafanya kwenye ubao.

Dada mmoja wa paking akachota nyekundu 5. Nikampigia makofi, nikampa soda, nikasema mnaona, huyu yuko makini, igeni. Fundi mmoja akapata 15, nikamwambia kijana jitafakari. Raundi ya pili dada wa soda akachota 13, nikamwambia sifa zimekulevya. Fundi akapata 7, nikasema mnaona, ukimsema mtu anabadilika. Watu wanacheka mpaka machozi. Raundi ya tatu mwingine akaanza kuchota pole pole huku anatikisa kibao kiujanja, akapata 12, wakamzomea.

Raundi ya nne kicheko kikapungua. Sijui nani alianza, ila kuna mtu nyuma akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Sasa si nyekundu zimo humo ndani?"

Kimya.

Zimo humo ndani. Moja katika kila tano. Ukichota 50, kwa wastani unatoka na 10, na kwa ile hesabu ya mipaka ambayo Shewhart, Mmarekani mwingine wa takwimu, aliianzisha mwaka 1924 huko kwenye vifaa vya simu, mchoto wowote wenye nyekundu kati ya 2 na 18 ni bahati tu, haumwelezi mchotaji chochote. Siyo hodari, siyo mzembe. Bahati imempata yule, imemwacha huyu. Mimi nimegawa soda na matusi kwa ajili ya bahati.

Wakati huo nilikuwa nimeshazipigia hesabu hiyohiyo zamu zetu kwa kutumia kaunta, wastani wa rijekti 113 kwa zamu. Mipaka ilitoka kama 83 mpaka 143. Maopereta wote wa mashine namba 4 walikuwa ndani. Yule kijana na 97 yake na 121 yake alikuwa katikati kabisa, mtu wa kawaida mwenye mashine ya kawaida mbovu.

Nikashusha ubao palepale mbele yao. Nilipanda kwenye kiti nikaufungua skrubu, na kwa kuwa sikuwa nimejiandaa, skrubu mbili ziligoma, ikabidi fundi aliyepata 15 aje kunisaidia.

## "Umeharibu nini?"

Hapa ndo wanapoharakisha wanaosimulia habari hizi. Wanasema tukaondoa hofu, ubora ukapanda, tukala tena pilau. Haikuwa hivo.

Tulikubaliana na maopereta: majina hayaandikwi, bonasi isifungwe na rijekti, krasha haiwashwi mpaka idadi ilingane na kaunta. Bonasi ilibidi nikaombe kwa uongozi na nilijibiwa "tutajaribu mwezi mmoja", kwa sauti ile ya mtu anayekupa kamba ujinyonge. Wiki iliyofuata ripoti yangu ikatoka na rijekti 9 kwa 100 wakati ya kabla ilikuwa 1.6.

Mkurugenzi akaniita. Chati iko mezani, ile yenye picha yangu iko ukutani nyuma yake.

"Bwana, umeharibu nini?"

Nilieleza. Kaunta, krasha, ndoo 12 za Mbagala, shanga. Alisikiliza yote, siyo mtu mbaya, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo miezi mitatu ulikuwa unaniletea ripoti za uongo, na sasa unataka nikuamini hii?"

Mwezi ule nililala vibaya. Kuna usiku nilijiambia bora ningenyamaza, ndoo zilikuwa zinauzika, watu wana bonasi, mimi nina fulana. Deming ana pointi zake 14, ya nane inasema ondoa hofu ili kila mtu afanye kazi vizuri, na ukiisoma ni sentensi nyepesi tu, ila hakuna mahali inasema hofu ikitoka kwa opereta inahamia kwa QC.

Na siyo wote walioamini. Supavaiza mmoja, ambaye alijua mchezo mzima tangu siku ya kwanza, aliendelea kusaga usiku wiki nzima. Nilipomuuliza akasema, "Kaka hizi mbio mi nimeshaziona, kesho anakuja mwingine na ubao mpya." Sikuweza kumlaumu. Shingo, yule injinia wa Japani wa vizuizi vya makosa, mwanzoni aliviita kwa jina lenye maana ya kumkinga mpumbavu, mpaka mwaka 1963 mama mmoja mfanyakazi akaangua kilio akiuliza kwani yeye ni mpumbavu kiasi hicho, ndo jina likabadilishwa kuwa kukinga kosa. Huyo alilia, jina likabadilika. Wetu hawakulia, waliwasha krasha.

## Maji ya mchana

Kilichotuokoa ni kwamba sasa kizimba chekundu kilikuwa kimejaa. Ndoo mia na kitu kila zamu, nzima nzima na kasoro zake, unaweza kuzishika. Zamani nilikuwa nahesabu 18 walizochagua kunionyesha.

Tukaanza kuzipanga kwa kasoro. Doa jeusi huku, kingo zenye ndevu huku, zisizojaa kule, mdomo uliopinda pale. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Mafundi walisema umeme: ukikatika plastiki inabaki inaungua ndani ya mashine, ukirudi unapata madoa meusi, na ni kweli kabisa, kasoro tu madoa yalikuwa lundo dogo kuliko yote. Stoo walisema malighafi. Tulichora ule mchoro wa mifupa ya samaki wa kutafutia chanzo cha tatizo kwenye karatasi ya simenti, mtu akauliza huyu ni kibua au changu, tukapoteza robo saa hapo.

Lundo kubwa, zaidi ya nusu, lilikuwa midomo iliyopinda. Ndoo mdomo wake unakuwa kama yai, kifuniko hakikai.

Kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa ni kutofanya. Mafundi wa zamu walikuwa na tabia, ndoo moja ikipinda wanageuza presha, ikitoka nyingine mbaya wanageuza joto, zamu inayofuata inakuja inageuza inavyojua yenyewe. Tukaandika seti moja ya presha na joto, tukaifunga, hakuna kugusa wiki mbili labda namba itoke nje ya mipaka. Mafundi waliumia kama umewafunga mikono. Rijekti zikashuka kidogo bila mtu kugusa chochote, na wengine mpaka leo hawajanisamehe hilo.

Halafu dada wa paking, huyohuyo wa soda, akasema tuandike na saa. Basi, saa tu. Ndani ya siku nne ikaonekana wazi hata bila chati: ndoo zinapinda kati ya saa sita na saa kumi mchana. Usiku chache sana.

Kwa nini mchana? Ndoo inatoka haijapoa vizuri. Kwa nini haijapoa? Maji ya kupozea moldi yana joto. Kwa nini? Hapo wengine tuliishia kusema jua la Dar, hali ya hewa, tutafanyaje. Fundi mmoja mzee ndo aliyeendelea kuuliza, mbona mashine namba 2 inakunywa maji yaleyale na haipindishi kiasi hicho?

Tukafungua moldi ya namba 4. Kile kipande cha bomba cha kuingilia maji alikikata kwa msumeno akanipa mkononi. Tundu ambalo linatakiwa kuingia kidole gumba lilikuwa limebaki la penseli. Limejaa chokaa, nyeupe, ngumu kama ganda la konokono. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, yamekuwa yanapita pale miaka, yanaacha ukoko, na ukoko unazuia maji yasibebe joto. Usiku maji yenyewe yana ubaridi kwa hiyo inavumilika. Mchana haivumiliki.

Tuliosha njia za maji kwa asidi siku mbili. Sasa hivi namba 4 iko kwenye rijekti kama 4 kwa 100, za kweli, za kaunta. Wenye Six Sigma, mfumo mwingine wa ubora, wanalenga kasoro 3.4 kwa kila milioni, kwa hiyo wakisoma hapa wacheke tu kwa adabu. Kichujio cha kulainisha maji kimeombwa, hakijanunuliwa. Bonasi mpaka leo iko kwenye majaribio.

## Safu ya mwisho

Nilitaka kujua ukoko ulianza kusumbua lini. Nikatoa mafaili ya karatasi za zamu, zile zinazojazwa kwa mkono. Kila karatasi ina safu ya jina, mashine, nzima, rijekti, na ya mwisho kabisa kulia, nyembamba, imeandikwa Maoni. Mimi kila asubuhi nilikuwa naingiza namba kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta hakuna safu ya maoni, nilipotengeneza jedwali niliiondoa ili lienee kwenye karatasi moja.

Mwandiko mdogo, wa peni ya bluu, unalalia kushoto.

"Maji ya kupozea ni ya moto mchana. Mdomo unapinda."

Nikafungua nyingine. "Maji moto. Saa 7 mpaka 10." Nyingine. "Nimemwambia fundi kuhusu maji." Nyingine, hii imepigiwa mstari, "Maji!!"

Mara kumi na nne, ndani ya miezi mitano. Zote za zamu C, mashine namba 4. Ya mwisho ni ya wiki moja kabla mkataba wake haujaisha, na ile hakuandika mengi, aliweka tu alama ya kama-ilivyo, zile koma mbili za kunakili kilicho juu, ila juu yake kwenye karatasi ile hapakuwa na kitu.

Nilimwonyesha mama wa krasha. Sijui kwa nini yeye. Akasema yule kijana alikuwa anamletea rijekti asubuhi amezipanga kwa kasoro, zilizopinda peke yake. "Nilikuwa namwambia, mwanangu, utakuja kufukuzwa na huo ustaarabu."

Anaendesha bodaboda sasa, nimeambiwa kijiwe cha Buza. Namba yake nilipewa na mwenzake wa zamu. Nilikaa nayo siku kumi na moja. Nilishaandika meseji nikaifuta, maana kila nikiandika inakuwa kama ripoti, kuna wastani, kuna asilimia, kuna "tumebaini".

Juzi Jumapili nikapiga. Ikaita muda mrefu, akapokea, upepo mtupu na mlio wa pikipiki.

"Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha. Nikataja kiwanda. Nikaanza, "Nilikuwa nataka kukwambia kuhusu yale maji..."

Akanyamaza kidogo, nasikia tu injini.

"Brazaa, niko na abiria. Nitakupigia."

Hajapiga bado.